Mstari Mmoja wa Jalada

Jumanne, Machi 1994

Tena ameandika, huyu mchapishaji. Anataka mstari mmoja wa jalada: mimi ni wa taifa gani, kabila gani. Bila huo, kitabu changu hakiendi mtamboni.

Nimezaliwa Unguja, mama yangu Mngazija, na huu ni mwaka wa thelathini niko hapa. Nikaandika, "Anaishi Mombasa."

Jirani yangu Bi Zuhura akausoma, akacheka. "Anaishi? Kwani wewe mpangaji, Maalim? Andika, ni wetu."

Katika kitabu kizima nimelikataa neno hilo, kwa sababu wakishasema "wetu" hawakawii kusema "wao". Leo nimeambiwa mimi, nikafurahi. Furaha hiyo inanitia hofu.

Nimeliandika neno hilo pale kwenye mstari, kisha nikalikata kwa kalamu. Bado linasomeka.