Kigingi cha Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokuwa kinakubana kimekuachia. Mimi sijambo, tena zaidi ya sijambo: katika watu wote waliokata miti kwenye mto huu, hakuna aliyezaliwa na bahati kama mdogo wako. Mafuriko yalipobomoa kingo, sehemu yangu ndiyo iliyobaki imesimama, nyasi zimeshika kama ndevu za askari. Bwana mkubwa wa mradi alinipa mkono mbele ya watu, akanifanya msimamizi. Sasa nina filimbi, na buti ambazo zote mbili ni saizi yangu.

Barua yako nimeipata. Unasema shemeji, tangu afukuzwe kazi huku, analala stoo, na watoto umewakataza hata kumpelekea maji ya kuoga. Unaniuliza, mimi niliyefanya naye kazi bega kwa bega, kama kweli ni mzembe, ili uamue arudi chumbani au afungashe. Nimeisoma mpaka mikunjo imechanika.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe. Ile miti ya kigeni ilivamia mto wote, inakunywa maji kama mlevi aliyealikwa, na chini yake haikuota hata nyasi moja. Udongo uchi. Tulifundishwa tukate mti, kisiki tukipake dawa lakini tukiache ardhini, maana mizizi hata ikifa inashika ukingo mpaka nyasi zipate nguvu. Matawi tuyalaze kukatiza makorongo. Nyasi zipandwe shina moja moja, kisha mtu angoje. Kungoja, dada, unanijua.

Kila mtu alipewa sehemu yake na kigingi chenye jina lake. Mimi na shemeji tulipakana. Yeye alilaza matawi kama anamtandikia mgonjwa. Nikambandika jina Konokono, na kambi nzima ikalishika. Mimi nilimbembeleza dereva wa trekta aking'oe kila kisiki changu, nikasawazisha, nikapanda, nikamaliza wiki tatu kabla ya wote. Kila asubuhi nikipita kwa shemeji namuuliza kama anapanda nyasi au anazifundisha kusoma. Alikuwa anacheka tu, akisema ukingo wangu umebaki na mapengo kama mdomo wa mtoto.

Mvua zikaja. Mto uliingia pale pale visiki vyangu vilipokuwa, ukaula ukingo wote, ukapita na malisho ya mjane anayepakana na kambi yetu, pamoja na mbuzi wake saba. Asubuhi nilifika wa kwanza. Sehemu yangu ilikuwa shimo. Kigingi changu nilikikuta kimenasa kwenye takataka, na gari la bwana mkubwa nalisikia linakuja kukagua. Nikang'oa cha shemeji kwenye nyasi zake, nikakipigilia kwenye tope langu. Changu nikakisimamisha kwake.

Usiniulize nilifikiri nini. Sikufikiri.

Shemeji alipofika, bwana mkubwa alimfokea mbele ya yule mjane, akamfukuza kazi papo hapo. Alikitazama kigingi, akanitazama mimi, kisha akainama akachukua jembe lake. Nilimfuata njiani nikamuuliza kwa nini amenyamaza. Akasema wewe, dada yangu, ndiye uliyenibeba mgongoni mama alipotutoka, na hawezi kuwa yeye wa kukuambia nimekuwa mtu wa namna gani. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Kwa mjane huwa napita kwa mbali. Bado anafungua zizi kila asubuhi, sijui anamfungulia nani.

Nakuomba umrudishe shemeji chumbani kabla hujamaliza kunitukana. Bwana mkubwa akija kesho kutwa nitamwambia mwenyewe, na kwa mjane nitakwenda na miguu yangu. Wabusu watoto. Shemeji mpe salamu zangu akikubali kuzipokea, akikataa, usimlazimishe.

Ile bahati niliyoianza juu hapo ni uongo. Ukingo uliosimama ni wa mume wako. Wangu ndio uliobomoka.

Ni mimi, mdogo wako.