Viatu vya Baba Jukwaani

Dada mpendwa,

Huku hatujambo. Bomba la jikoni limetengenezwa, sasa linavuja upande mwingine. Uliniuliza habari za Mama: tangu tumzike Baba alikuwa kimya, chakula anakigusa tu.

Jumamosi nilimburuta hadi ukumbini kumwona kaka. Vichekesho vyake anavitunga mwenyewe, ila sikujua ametunga cha Baba. Kaka akakohoa kabla ya kufungua mlango, akaingia na koti lile la Baba, akapita sebule ya jukwaani na viatu vyenye matope. Dada, alikuwa Baba mzima mzima. Sijui kipaji kile alikitoa wapi.

Mama akafoka kutoka kitini: "Viatu! Nimetoka kupiga deki sasa hivi!"

Ukumbi ukaangua kicheko, watu wakidhani imepangwa. Kaka hakubabaika. Alirudi mlangoni, akavivua, akavipanga vizuri, akasema kwa sauti ile ile, "Nisamehe, mama watoto." Nikamsikia Mama akicheka. Mimi nililia.

Sasa kila onyesho kaka anaingia na viatu, kisha anasubiri. Kwa hiyo ukipiga simu jioni Mama asipokee, usiwe na wasiwasi. Yuko kazini.

Mdogo wako,
kitindamimba