Mahali Pakavu pa Stempu za Baba

Jumanne, 3 Juni

Mvua tena. Nimefungua albamu ya stempu za Baba, harufu ikanipiga puani — ukungu! Vidoa vya kijivu, kurasa mbili nzima. Kuta za nyumba yangu hapa Rhonda, Nakuru, zimelowa tangu Aprili. Nikatandaza kurasa kitandani, nikazipepea kwa kifuniko cha sufuria, halafu nikajisahau. Uyoga wa Poland. Kipepeo wa Msumbiji. Nilipokuwa mdogo nilidhani Magyar Posta, maandishi ya stempu za Hungaria, ni mzee fulani, rafiki wa Baba, mwenye masharubu. Baba alikuwa karani wa stesheni ya treni ya Longonot na aliandikiana na watu ambao hakuwahi kuwaona. Bado namwona na kibano chake, amezuia pumzi ili stempu isipeperuke. Chai yangu imepoa.

Kipruto kwa simu: zipige picha, utupe hayo makaratasi. Ndugu yangu huyo ana moyo wa jiwe. Zikioza, sijui nitabaki na nini cha Baba.

Jumamosi, 7 Juni

Nimezipeleka kwa Mama, Kampi ya Moto. Huko ni jua na vumbi, hewa kavu. Nikamwambia aziweke kwenye kabati la chumbani, zisimame kama vitabu, zisilaliane. Akaitikia. Akauliza kama wadudu hawatazila. Nikamcheka.

Amenipikia kwa gesi. Nilimnunulia mwaka jana, daktari alipomkataza moshi kwa sababu ya kifua. Jikoni kule nje, kwenye kuni, siku hizi wanalala kuku. Amepona hadi amerudi kwaya! Nimelala mchana mlango ukiwa wazi, nikisikia mbuzi mbali, na sikuwaza kitu.

Alhamisi, 19 Juni

Mama anakohoa kwenye simu. Ni vumbi tu, anasema. Na stempu? Hazijawahi kuwa salama hivi.

Nimeota niko kwenye treni isiyo na sauti. Dirishani nchi zinapita ndogondogo, kila moja na kingo zake za menomeno. Baba yuko behewa la mbele. Sikuwa na haraka ya kumfikia.

Jumapili, 29 Juni

Nimekuja bila kumwarifu. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kule nje.

Mama amepiga magoti anapuliza moto, macho mekundu. Juu yake, darini, pale Kogo, nyanya yangu, alipokuwa akiweka mahindi ya mbegu — albamu za Baba, zimefungwa kwa leso.

Kabatini aliona mdudu, anasema. Mmoja. Kitu cha kudumu kinawekwa juu ya moshi, ananiuliza, tangu lini nimesahau hilo? Anawasha asubuhi, anawasha jioni. Nikapanda, nikazishusha. Hakuna ukungu, kweli. Lakini plastiki imejikunja na kipepeo amekuwa rangi ya chai. Nilitaka kupiga kelele. Halafu akaanza kukohoa, akashika mwimo wa mlango, na hasira yote ikaniisha. Nikabaki na woga mtupu.

“Mama, daktari alisema nini?”

“Daktari hana stempu.”

“Nazirudisha Nakuru leo.”

“Kule kwa maji? Si zitaoza?”

“Wacha zioze. Mimi nataka wewe.”

Akasukuma kuni ndani kidogo kwa mguu.

“Jioni nikiwasha nakaa hapa chini yake,” akasema. “Tunaongea na baba yako.”

Naandika haya kwenye kigoda, moshi ukiniuma macho, albamu ziko magotini na bado zina joto. Mtu wa boda anapiga honi getini, nilimwambia angoje. Mama amenyoosha mikono yote miwili nimpe azirudishe juu. Anakohoa, lakini hajaishusha.