Kaburi la Kafuro

Kihanga, Karagwe
Mfungo Tano, mwaka 1330

Dada Mwajabu, kaburi la baba halina mtu! Limechimbwa mbele ya macho yangu, na ndani hamna mfupa, hamna jino, hamna kitu cha mwanadamu. Nimeanza na hilo kwa sababu kalamu imekataa kuandika jingine kabla yake. Sasa nikusalimu kama tulivyofundwa.

Shikamoo, dada yangu. U hali gani huko Bukoba? Shemeji Othman je, kikohozi cha upepo wa ziwani kimemwacha? Na wajukuu, na yule mdogo aliyechelewa kuota meno? Sisi huku ni wazima, ila kichwa changu ndicho sijui kama ni kizima. Mama hajambo, anakula, analala, na humu nyumbani ndiye peke yake anayelala.

Habari za mwanangu Latifu najua nilikwisha kukuandikia, lakini barua hupotea njiani, kwa hiyo narudia. Amekuja Mzungu mmoja na mkewe, wamepewa likizo, na badala ya kupumzika kama watu, wakataka kuizunguka Karagwe kutazama mambo ya kale. Pembe hawataki, ngozi hawataki. Wanataka vigae, na mahali walipokaa watu waliokufa kabla ya babu wa babu zetu. Wakauliza Bukoba nzima, nani ajuaye njia, na Kijerumani, na Kinyambo, na Kiswahili safi, na asiyekunywa rubisi, pombe ya ndizi, akasahau alikotoka. Dada, jibu lilikuwa moja tu. Mwanangu! Amepewa kofia na filimbi ya kuitia wapagazi, na yule bibi wa Kizungu humwita kwa jina lake lote, Abdulatifu, ingawa hulitamka kama mtu aliyeungua ulimi. Nilimpa jina la marehemu baba lisipotee, na sasa latajwa na Wazungu.

Latifu akaomba wapitie na Mtagata, kwenye maji ya moto, ili bibi yake aoshe magoti. Mzungu akakubali, kwani alisema maji yale nayo ni ya kale. Basi Mama akabebwa kwa machela, mimi nyuma na mwavuli. Watu wa Kihanga walitoka milangoni kututazama, na siwezi kusema kwamba niliwahimiza wapagazi waende haraka.

Kwanza tulikwenda Bweranyange, kwenye kikale, makao ya watawala wa zamani. Mimi nilitazamia nyumba, nikaona majani. Latifu akasimama katikati ya majani akaeleza hapa palikuwa na ua, hapa ngoma, hapa ng'ombe wa chuma, na Mzungu akaandika kila neno. Nikamwuliza mpagazi mmoja wa Nyakakika kama ni kweli, akanijibu kwamba yeye husikia ua ulikuwa upande ule mwingine, lakini mwenye filimbi ni mwanangu. Yule bibi akaokota kigae akakifunga kwa pamba kama yai. Nikamtuma Latifu amwambie kwamba nyumbani nina chungu kizima, nitampa. Akacheka, akasema kizima hakina faida kwake. Dada, hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na bado hatujafika Kafuro.

Unakumbuka tulivyokuwa Tabora, wewe umeanza kujifunga leso na mimi bado nachezea vumbi. Baba alikuja Karagwe na msafara, akakawia. Mama akatuacha kwa shangazi, akaja kumtafuta, akarudi amevaa kaniki, akasema ndui imemmaliza huku Kafuro na kaburi amelipigia magoti mwenyewe. Tukalia. Akakaa eda. Wakaja wanaume wa heshima kumposa, akawakataa, na mji mzima ukamsifu. Nami nilipoolewa huku nikamchukua Mama tukae pamoja, ndipo akanionyesha lile rundo la mawe meusi pale Kafuro, na kila mwaka tukalisomea hitima. Haya yote unayajua, ila nayaandika yakae mbele yangu niyatazame, maana sasa yanatikisika.

Basi tulipofika pale, Latifu akavua kofia akawaambia Wazungu kwamba hili ni kaburi la babu yake, mfanyabiashara mkubwa kutoka pwani, wa jina kama lake. Alisema vizuri hata nikatokwa na machozi. Yule Mzungu naye akavua kofia, akainama kwa adabu. Kisha akainama zaidi. Kisha akaokota jiwe moja, akalipima kwa mkono, akaligeuza, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeletewa mtoto wa kiume. Akasema maneno mengi kwa Kijerumani. Latifu akaanza kuifuta filimbi yake. Nikamwuliza bwana anasema nini, akasema hakuna. Nikamwambia mimi ndimi niliyemzaa na aniambie. Akasema, Mama, bwana anasema haya si mawe ya kaburi. Ni mavi ya chuma. Niwie radhi kwa neno hili, dada, lakini ndilo jina lake, yale makapi yanayobaki wahunzi wakiyeyusha chuma. Anasema hapa palikuwa na tanuri, la kale mno, kale kuliko kikale cha Bweranyange, na anaomba ruhusa achimbe.

Nikapiga kelele ambazo nadhani mlizisikia huko. Nikamwambia Latifu kwamba jembe likigusa kaburi la baba yangu, radhi yangu asiitafute tena duniani. Mwanangu akatazama kofia iliyo mkononi, akanitazama mimi, na jasho likamtoka. Wapagazi nao wakaanza. Mmoja akasema kila mtu wa hapa anajua pale walifua majembe watu wa zamani, na siku zote walikuwa wakishangaa watu wa pwani wanaomba nini kwa wahunzi. Mwenzake akamkanyaga mguu. Wa tatu akasema huenda marehemu alikuwa mzito kama chuma. Nikamnyanyulia mwavuli.

Ndipo Mama akasema kutoka kwenye machela, kwa sauti ya kuagiza chumvi, kwamba wamwache Mzungu achimbe.

Nikadhani amepitiwa na jua. Nikamwuliza kama ameelewa ni kaburi gani. Akasema anaelewa kuliko mimi, na nikae chini nisimfedheheshe mjukuu wake mbele ya wageni. Nikakaa. Nikasoma Yasini huku wanachimba, nikakosea mara nyingi. Wakatoa makaa. Wakatoa mabomba ya udongo yaliyoungua, ambayo zamani yalipitisha pumzi ya mivukuto. Wakafika kwenye udongo mwekundu ambao haujaguswa tangu Mungu alipouumba, na Latifu akaingia shimoni mwenyewe, akatoka, akanitikisia kichwa. Mama akaomba maji ya kunywa, akauliza kama tutafika Mtagata kabla hajafa kwa njaa.

Njia nzima nilimwuliza Mama, naye akauliza chakula tu. Nikawaza waliiba mwili. Nikawaza fisi. Nikawaza labda kaburi ni lingine na Mama kazeeka, kasahau. Kila wazo lilikuja na miguu yake likakaa, hata kichwani pakawa hapana nafasi.

Sasa sikiliza, na kama umesimama, kaa. Pale Mtagata wanawake wana mahali pao, mvuke umefunika kila kitu. Nilimwingiza Mama majini, namsugua magoti, naye akaanza kuniambia bila kunitazama. Akasema hakukosea kaburi. Hapakuwa na kaburi. Alipokuja kumtafuta baba alimkuta Mabira, mzima, mnene kidogo, ana kibanja cha migomba, ana mke wa Kinyambo, na mtoto mchanga mgongoni mwa mke huyo. Baba akamkaribisha vizuri. Alimwambia akae, nchi ina mvua, kuna nafasi ya wote. Mama akalala pale siku chache, akaona kwamba baba harudi Tabora tena, naye ukewenza wa migombani hauwezi. Talaka hakupewa wala hakuiomba. Akaondoka. Alipofika Kafuro akaona lile rundo la mawe meusi, akakaa juu yake akalia mpaka akaishiwa, na akaona kwamba mahali alipolia hivyo ni kaburi tosha. Mjane hupewa pole, akasema, lakini mke aliyeachwa huulizwa amefanya nini. Nikamwuliza, na eda je? Akasema ilikuwa eda ya hasira, nayo ilikuwa ya kweli kuliko nyingi alizoziona.

Dada, nikamwacha goti. Nikamwuliza baba alikufa lini basi. Akasema hajafa.

Yu hai! Baba yetu yu hai Mabira, kutoka hapa si mbali, na mimi nimemsomea hitima, nimemchinjia mbuzi, nimemwombea nuru kaburini, naye anakula ndizi! Mama amejua siku zote, kupitia wachuuzi wa ngozi. Waposaji aliwakataa kwa sababu ana mume. Na mwezi uliopita ameletewa habari kwamba mzee amedhoofika, haamki peke yake, na anaomba radhi yake kabla hajaondoka. Magoti yalikuwa kisingizio. Alitaka lile rundo lichimbwe na mkono wa mtu mwingine, ili aanze kusema, maana mwenyewe kila mwaka alijaribu akashindwa.

Sijui nikasirike au nichinje. Nilipoamka nilikuwa yatima, na jioni nina baba, mama wa kambo, na ndugu sijui wangapi. Tulipofika nyumbani nikamwendea mwalimu wetu wa chuo kwa siri, nikamwuliza hitima ya mtu aliye hai huenda wapi. Akajikuna ndevu sana. Akasema neno la Mungu halipotei, litakuwa limemrefushia umri, kisha akaniomba nisilitangaze, maana pilau ya hitima zile aliila yeye.

Latifu nilimtuma mbele Mabira kabla hatujarudi, na Mzungu mwenyewe akampa ruhusa, ndiyo heshima aliyo nayo mwanangu. Kamkuta babu yake amelala ukumbini, macho hayaoni tena. Akajitambulisha kwamba ni Abdulatifu, mtoto wa Mwanahalima. Mzee akauliza ni nani aliyempa mtu mwingine jina lake, wakati yeye bado analitumia. Latifu akamweleza yote, kaburi, hitima, na tanuri. Mzee akauliza kwenye hitima zile tulikuwa tunapika nini. Kisha akalia, dada. Latifu anasema alilia kama mtoto aliyepotea sokoni, na yule mke wake akamfuta uso. Yuko ndugu yetu mmoja, mtoto wa mke huyo, aitwaye Ramadhani, jina la babu yetu, na Latifu ameapa masikio yake ni yako kabisa. Ramadhani huyo amesema mzee anaweza kungoja kidogo, lakini asingojeshwe sana.

Na Mama sasa? Mama amekataa kwenda peke yake. Anasema alikwenda Mabira mara moja peke yake akimfuata mwanamume, hatakwenda hivyo tena. Safari hii ataingia ua ule na binti zake wawili, mmoja kila upande, ili mzee asikie nyayo za watu aliowaacha, na ndipo atakapojua kama radhi imo moyoni au haimo. Hataki kuniahidi. Nimemwambia mtu anakufa, Mama. Akasema yeye naye alikufa, na hakuna aliyemharakisha kufufuka. Kisha akaniuliza leso yake ya maua ipo wapi. Nikamkumbusha kwamba mume wake haoni. Akasema ndiyo maana anataka na udi. Kwa hiyo dada, pita duka la Mhindi, chukua udi mzuri, si ule wa kuchanganywa na vumbi la mbao, maana asiyeona hunusa.

Nisalimie shemeji, wajukuu wote, na majirani wanaonijua. Wasionijua waambie habari za Latifu. Mimi nduguyo wa ziwa moja, Mwanahalima binti marehemu, astaghfirullahi, mkono umezoea, binti Abdulatifu wa Mabira. Wote ninyi, mkubwa na mchanga, tunawatazamia hapa Kihanga Alhamisi ya kwanza ya Mfungo Sita, na Ijumaa baada ya sala tunatoka na Mama.