Kwa Nini Nilimgeuzia Mjukuu Uso

Kibanda cha Fundi Viatu,
Jirani na kituo cha basi,
Jumanne jioni.

Mpendwa dada yangu mdogo, mbishi wa ukoo,

Salamu tele zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji yangu na goti lake lile linalotabiri mvua. Watoto hawajambo? Kifua chako je? Mimi ni mzima, chuma cha pua. Hata daktari aliponipima alishangaa, akasema uzee umepotea njia ya kuja kwangu.

Uongo. Hakusema hivyo hata kidogo. Kushangaa alishangaa, lakini kwa jambo jingine, na aibu yake bado inanichoma masikio.

Mdomo wangu ulitoa malengelenge pembeni, madogo madogo, yanawasha kama pilipili. Nikadhani ni misumari. Unajua sisi mafundi viatu mfuko wetu wa misumari ni mdomo. Yakapasuka, yakawa kidonda. Kinyozi wa kibanda cha pili, yule asiyejua kufunga domo, akaniuliza mbele ya wateja, "Mzee, huyo aliyekung'ata meno yake mazima?" Watu hoi kwa kicheko. Nami kwa akili zangu za darasa la tatu nikakipaka kidonda rangi nyeusi ya viatu, kisionekane. Kikavimba, dada, nikawa bata.

Ndipo nikaenda zahanati. Daktari, binti wa kumzaa kabisa, akanifuta ile rangi huku akibana kicheko, akasema ni hapesi. Jina hilo nilikuwa nimeliona ukutani, kwenye picha ya magonjwa ya zinaa. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi mjane, hayo mambo ningeyatoa wapi?"

Akanieleza kwamba virusi hao ni ukoo mzima. Yuko wa mdomoni, ambaye wengi wetu tulimpata utotoni kwa kubusiwa tu na shangazi. Yuko nduguye wa sehemu za siri, apitiaye kitandani, ingawa wawili hao hutembeleana. Tetekuwanga naye ni wa ukoo huohuo: ukipona hulala kwenye mishipa ya fahamu, na uzeeni huweza kuamka akawa mkanda wa jeshi. Ndio ule uliomfunga marehemu mjomba ubavuni, sisi tukanong'ona karogwa, naye akabaki na maumivu hata vidonda vilipokauka. Kuwafukuza kabisa haiwezekani. Vidonge huwatuliza tu.

Kisha daktari akaacha kucheka. Akauliza kama kwetu kuna mtoto mchanga. Nikasema binti yangu amejifungua juzijuzi. Akanikataza kumbusu mtoto mpaka kidonda kipone kabisa, na mikono ninawe kila mara. Kwa kichanga, kirusi hicho kinaweza kupanda ubongoni kikamuua.

Jumapili binti akaja kibandani na mtoto. Hakuwa amekanyaga kwangu tangu nilipomwita mumewe goigoi. Alinikuta nimejifunga kitambaa mdomoni, nasingizia jino. Akamfunua mtoto, akamwinua mpaka usoni kwangu. "Baba, mbusu mjukuu wako, yaishe."

Neno moja tu lingetosha, dada. Lakini mumewe alikuwa hapo kasimama, na kinyozi kaegemea nguzo, masikio wazi. Nikageuza uso, nikasema, "Mpeleke kwa wanaofanana naye."

Hakulia. Alimfunika mtoto taratibu, wakaondoka, na tangu hapo simu yangu hapokei. Niliogopa kuonekana mzee mhuni. Sasa naonekana babu asiye na moyo. Afadhali ningeonekana mhuni.

Msalimie shemeji na goti lake, mkweo yule mrefu, na wajukuu wote wenye meno na wasio nayo. Mungu awafunike, magonjwa yapite mbali na kizingiti chenu.

Sasa sikiliza. Kile chungu cha mama ulikivunja wewe, fimbo nikala mimi, na mpaka leo sijakudai. Leo nadai. Wewe shangazi yake simu yako ataipokea. Mwambie babake hakumkataa mtoto, alimhofia. Anza na jina la ugonjwa, maana mimi limenishinda kulitamka mbele yake. Akicheka, mwache acheke. Akinyamaza, usikate simu.

Ni mimi, kaka yako wa kukuchokoza, nikupendaye vilevile,

Fundi.