Mvumo wa Amplifaya ya Baba

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Tafadhali usiguse amplifaya ya Baba. Nimeiacha wazi, na umeme hubaki ndani hata plagi ikichomolewa.

Nisamehe kwa ya asubuhi. Nilibadilisha kapasita kuukuu, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme ndani yake, ili gitaa lake litoe sauti safi, nikupe furaha. Chuoni tulifundishwa kwamba mvumo ule wa amplifaya ni ugonjwa wa mashine. Sikujua kwamba tangu tumzike Baba, wewe huiwasha kila unapopiga pasi, uisikie ikivuma kama alipokuwa akijiandaa kupiga gitaa. Leo umeiwasha, ikawa kimya. Ukasema, "Sasa ndiyo ameondoka." Nikakimbilia bafuni.

~~Nitakununulia redio ndogo uwe~~ Hapana.

Kapasita za zamani ziko kwenye kopo tupu la majani ya chai. Mwambie Kaka asizitupe, maana kwake kila kitu changu ni takataka. Nikitoka kazini nitazirudisha moja moja. Siwezi kukuahidi, Mama; miguu yake ya waya niliikata ikawa mifupi, na huenda amplifaya isivume vilevile.

Nguo usipige pasi leo. Nisubiri, tuiwashe amplifaya pamoja.

Kitindamimba wako