Siku ya Kumi na Tisa Bila Soda

Jumapili jioni

Leo ndiyo siku niliyoiogopa zaidi tangu niache soda, kwa sababu kwa mama mkwe huku Ndanai mgeni hufunguliwa soda kabla hajaketi vizuri. Nilikataa bodaboda, nikapanda kilima cha kwenda kwake kwa miguu bila kupumzika hata mara moja.

Chupa ilikuwa mezani tayari. Nikasema haraka, "Mama, usifungue. Naomba mursik, yale maziwa yako ya kibuyuni."

Akaniangalia sana. Nikajua nimemkosea.

"Kwani nyinyi watu wa Nyeri mnakunywa? Miaka kumi na miwili nakununulia soda, nikidhani unadharau maziwa yangu."

Na mimi miaka hiyo yote nilidhani hayapewi mtu wa nje.

Nilikunywa vikombe viwili. Nimerudi kwa miguu, nimebeba kibuyu chake kizima, na hata sasa siwezi kutulia kwa furaha.